Mate ya Mwanao, Zaina

Mdogo wangu Zaina,

Miezi mitatu sasa tangu tukuzike, nami nikahamia kwako kulea. Mwanao Hawa ana miezi minne, na mate hayakatiki. Anapuliza mapovu, yanapasuka, anashtuka, anaanza upya. Kitambaa cha shingoni hakikauki.

Mama mkwe wako hapendi. Wiki iliyopita alisema, "Udenda huu si wa bure. Ni meno ya plastiki, yale ya ndani ya fizi, yasipong'olewa yanaua mtoto." Nikamwomba anionyeshe. Akabonyeza fizi, akasema sisi wasomi hatuwezi kuyaona. Unanijua mimi na kazi yangu ya gazeti: kitu anachokiona msimuliaji peke yake, sikiandiki.

Nikampeleka Hawa kliniki. Muuguzi alisema umri huu mate huongezeka, na mtoto bado hajajua kuyameza vizuri. Nikamuuliza tena kwa njia nyingine, jibu likawa lile lile. Hana homa. Chupa anaimaliza.

Jana asubuhi nikakuta mfuko mlangoni: khanga mbili, nepi, maziwa. Nikamwamkia mama mkwe wako, nikauliza safari.

"Tunakwenda Ihanja kumsalimia shangazi yake."

Shangazi huyo nilizungumza naye juzi, yuko Manyoni. Nikauliza Ihanja kuna nani mwingine. Akasema, "Kuna bibi anayatoa hayo meno kwa spoku ya baiskeli. Mara moja tu, kwisha. Hata baba yake Hawa nilimpeleka akiwa mchanga. Kwani alikufa?"

Hakufa. Lakini nikakumbuka jino lake la pembeni lililoota limepinda, lile ulilosema linachungulia wageni. Ulicheka sana siku ile. Nadhani hata wewe hukujua kwamba spoku ndiyo iliyoliharibu.

Nikampigia mumeo kazini, nikamweleza, nikampa mama simu. Aliyoambiwa sikuyasikia. Nilimwona tu akifungua mfuko na kurudisha khanga kabatini. "Haya, mwandishi," akasema, "umeshinda leo."

Neno "leo" nimelisikia vizuri. Mama anampenda mjukuu wake, hilo silitilii shaka, nalo ndilo linanitisha: mwenye nia mbaya huchoka, yeye hatachoka. Kwa hiyo Hawa naenda naye kazini. Mhariri amenuna. Atazoea.

Ungekuwepo, haya yote... Basi.

Pumzika, Zaina. Mate nitayafuta mimi mpaka meno yaje yenyewe. Nikiwa hai, hakuna atakayetia chuma kinywani mwa mwanao.

Dada yako