Sauti yangu ya kawaida

Tupo, uko wapi?? Nimetoka hospitali sasa hivi, bado nimekaa nje kwenye benchi. Aibu niliyoipata leo shoga yangu weee!

Lile shavu langu lililovimba, si nikajua ni matubwitubwi? Nikajipaka masizi ya sufuria kama mama alivyokuwaga anatupaka. Mtu mzima, peke yangu chumbani. Na nikafika nayo hivyo hivyo kwa daktari!

Hakucheka. Akayafuta kwa pamba. Akasema inaweza kuwa uvimbe wa tezi ya mate, au usaha unaojificha ndani kabisa ya shingo. Huo wa pili unaweza kuziba pumzi mtu akafa.

Maswali sasa. Ukila ndo linavimba zaidi? Ndiyo. Mdomo unafunguka wote? Unafunguka. Mate yanamezeka? Yanamezeka. Akabonyeza shavu, usaha ukatoka kwenye kijitundu cha mate ndani ya mdomo. Akasema afadhali, inaelekea ni tezi.

Halafu akauliza, "Sauti yako imebadilika?"

Tupo, sikujua.

Akasema, "Basi niitie unayekaa naye." Nikamwambia sina. "Jirani je? Yeyote uliyeongea naye wiki hii?" Sauti yangu, Tupo! Mbagala nzima hakuna anayeijua.

Kanipa dawa, kasema ninywe maji mengi, na sauti ikibadilika nirudi mbio.

Nakurekodia voisi sasa hivi. Usinipe pole. Sikiliza tu, uniambie kama ndo mimi.