Rutayisire Ampeleka Mama Mkwe Ziwani

Kirezi, kaa chini kwanza. Na usiisome barua hii bwenini kwa sauti. Rutayisire, yule fundi cherehani wetu, amefedheheka! Leila amenisimulia huku akilia kwa kicheko.

Unajua anamtaka Leila, na mama mtu alikuwa hajakubali. Basi jana akakodi gari mtaani Muhima, awatembeze kando ya ziwa kule Gisenyi. Kwa heshima, mama akaketishwa mbele, Leila nyuma. Mkwe mtarajiwa hakuthubutu hata kumtazama mama usoni.

Njia nzima watu wanapiga honi. Wanawake wanapiga vigelegele. Mama akauliza, "Hawa wote wanakujua?"

Rutayisire, kwa unyenyekevu mkubwa: "Nashonea watu wengi, mama."

Nashonea! Kirezi, nashonea!

Kufika ufukweni, mpiga picha akawakimbilia. "Bibi harusi, sogea kwa bwana! Aibu iko ya nini? Umepata kijana!"

Rutayisire akazunguka nyuma ya gari. Maua. Utepe mweupe. Gari lilikuwa limetoka harusini Jumamosi, na yeye alilikagua mbele tu, tena kwa makini sana.

Leila akajificha kwenye kiti. Subiri, nageuza karatasi.

 Mama akajitanda mtandio wake vizuri, akasema: "Rutayisire, mwoe Leila wiki hii hii, kabla mume wangu hajasikia kwamba mimi nimeolewa."