Siku Isiyo Zamu Yako

Kinole

Mjukuu wangu Zainabu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku hatujambo. Shangazi yako amehamia mjini kwa mwanawe, kwa hiyo nyumbani nimebaki mimi na kuku.

Umeuliza kwa nini somo lenu la mawasiliano linamkata alama anayekosa siku ya wenzake kuzungumza, wakati yeye hana zamu. Nasi tulikuwa na sheria kama hiyo, nilipokuwa shule ya Wajerumani Morogoro. Mmoja alisimama kueleza habari za kwao, na mwingine alipangiwa kurudia alichosikia, kwa hiyo hata asiye na zamu ilimpasa awepo.

Zamu yangu ilipofika, nilikuwa na miezi miwili sijaongea na mtu zaidi ya salamu, maana Kiswahili changu cha mlimani kiliwachekesha wenzangu. Nikasema kidogo juu ya ukungu na migomba, nikakaa. Saidi, mwanafunzi wa kutoka Gairo, akasimama kurudia.

“Kwao ukungu hushuka mpaka mlangoni,” alisema. “Wana migomba mingi. Na amewakumbuka watu wake.”

“Hilo la mwisho amelisema?” mwalimu akamuuliza.

“Hapana, mwalimu. Lakini nimelisikia.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Tangu hapo tulikaa pamoja, mpaka vita vikatutenganisha. Sikumwona tena, wala sikupata mwingine wa kunisikia vile.

Basi nenda, mjukuu wangu, hata siku isiyo zamu yako.

Ni mimi babu yako, ninayezisoma barua zako polepole ili zisiishe upesi.