Bakuli la Kwanza

Meizhou,
Jumatano, 24 Novemba 2004

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Nakuandikia nikiwa nimevaa soksi mbili mbili na ile sweta uliyonifumia, ambayo Noela, msichana ninayelala naye chumba kimoja, anasema inanifanya nionekane kama chungwa lililosahauliwa sokoni. Mwili ni mzima, nakula vizuri, na kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha. Goti lako je? Umekwenda kwa yule mzee wa kuchua, au bado unasema utakwenda kesho? Na choipan zako, zile andazi za mvuke zenye mboga ndani, bado watu wanazimaliza kabla ya saa nne asubuhi? Aling anakula? Nywele zake umezikata? Niandikie vitu vidogo vidogo, Mama, hata vile unavyoona havina maana.

Barua hii anakuletea binamu Ationg, anayerudi Singkawang kwenye harusi ya dada yake. Atafika Jumamosi. Nimempa pia mfuko wa peremende za maziwa za Aling. Usimpe kwanza. Soma mpaka mwisho, ndipo utajua umpe lini.

Katika barua yako umeniuliza jambo moja. Umesema mume wangu Akhiung alirudi kutoka Pontianak, akamwonyesha Aling picha yangu, akamuuliza huyu ni nani, na mtoto akajibu kwamba ni Dada Jin. Umesema Akhiung alicheka, kisha akatoka nje akakaa muda mrefu akiichokonoa pikipiki ambayo haikuwa na ubovu wowote. Unadhani mtoto amewaiga watoto wa jirani, maana wao huniita hivyo. Nitakujibu, Mama. Ila niache nifike pole pole, kwa sababu nikianza na hilo sitaweza kuandika mengine.

Masomo yanakwenda, tena yanakwenda vizuri. Unajua niliacha shule kidato cha pili nikaja kusimama nawe kwenye meza ya choipan, na nilimalizia kwa masomo ya jioni. Nilikuja huku nikiogopa kwamba nitakuwa mjinga wa darasa. Kumbe sote tulikuwa wajinga! Darasani tuko kumi na tisa, kutoka Thailand, Morisi na kwetu, sote tuna majina ya ukoo wa Kichina, na siku ya kwanza hakuna hata mmoja aliyeweza kulisoma jina lake mlangoni. Noela babu yake alitoka wilaya hii hii akaenda Morisi kuuza dukani. Yeye mwenyewe alifika hapa hajui kuomba hata maji. Mimi nina Kihakka chako, kwa hiyo sokoni mimi ndiye mdomo wake. Wauza mboga wananitazama miguuni wananiambia, "Sura yetu, lugha yetu, mbona umevaa kandambili kwenye baridi hii?"

Sasa nasoma vibao vya mabasi. Nasoma bei za samaki. Nimezoea kulala mchana, maana huku baada ya chakula chuo kizima kinalala, hata mbwa wa mlinzi. Nimezoea kubeba chupa mbili za maji ya moto kutoka kwenye tangi bila kujiunguza. Januari tuna mtihani, na wanaofaulu wanaingia kwenye masomo ya ualimu. Wewe shule yako ya Kichina serikali iliifunga ukiwa na miaka tisa, na vitabu Babu akavifukia nyuma ya banda la nguruwe. Nitakaporudi nitafundisha hapo hapo Singkawang, mchana kweupe, madirisha wazi. Nitafaulu, Mama. Sisemi natumaini.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikaba. Ile fomu. Mjomba Aphin alituambia tuandike kwamba sijaolewa wala sina mtoto, kwa kuwa eti ufadhili hawampi mtu aliyezaa, na wakimgundua wanamrudisha kwao. Basi kwa miezi mitatu nimeishi hapa kama msichana. Picha ya Aling nimeiweka ndani ya foronya. Noela amenitafutia wachumba wawili, na nilipowakataa akaanza kuniita mtawa.

Msimamizi wa bweni letu anaitwa Shangazi Gu. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, sauti yake kama kengele ya shule. Funguo zote anazo yeye, daftari la wanaotoka na wanaoingia analo yeye, na simu ya bweni iko mezani kwake, ndiyo ile ninayokupigia kila Jumapili wenzangu wakiwa wamepanga foleni nyuma yangu. Kutwa anatugombeza. Anasema sisi watoto wa ng'ambo nywele zetu zinaziba mabomba yake, je, huko kwetu hakuna mabomba? Lakini nilipokuwa nakohoa aliniletea pea zilizochemshwa na sukari, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza.

Mwanzoni mwa Oktoba alikuwa analalamika. Mkwe wake alikuwa amebakiza wiki chache kujifungua, na mtungi wa mvinyo wa mchele aliouandaa ulikuwa umechacha. Mama yake Shangazi, aliyekuwa fundi wa kazi hiyo, alifariki mwaka jana. Unajua mwenyewe, mzazi akikaa mwezi wake ndani bila kuku wa tangawizi na mvinyo uliotengenezwa nyumbani, ni aibu ya ukoo mzima. Nikashindwa kuuzuia mdomo wangu. Nikamwambia mchele aliuchanganya na hamira ukiwa bado una moto. Akaweka mikono kiunoni.

"Msikilizeni huyu! Hata mchumba hana, ananifundisha mvinyo wa uzazi!"

Lakini Jumamosi akanichukua mpaka kwake. Nilifanya kama unavyofanya wewe. Nikaupika kwa mvuke mchele wa kunata, nikautandaza, nikaupima joto kwa ndani ya kifundo cha mkono kama unavyopima maziwa ya mtoto, ndipo nikanyunyiza hamira. Nikaacha shimo katikati ya mtungi, tukaufunika na koti lake la zamani. Mvinyo ulipojaa tukauchuja, na baadaye tukaufukia mtungi kwenye moto wa makapi ya mpunga kutwa nzima. Mjukuu akazaliwa wiki iliyopita, wa kiume, kilo tatu na nusu. Jumamosi hii iliyopita tukaufungua.

Jiko lilijaa wanawake. Desturi yao ni kama yetu: bakuli la kwanza hunywewa na mwanamke aliyekwisha kuzaa, ndipo mzazi mwenyewe apelekewe. Msichana haligusi. Shangazi Gu alilijaza akaliinua juu, akimtafuta jirani yake, bibi Liao. Na mimi, Mama, harufu ile ilinipanda kichwani. Nikajiona niko jikoni kwako, Aling ana siku tatu, kifua kinaniuma kwa maziwa, wewe unaniambia ninywe mvinyo ungali moto. Mikono yangu miwili ikanyooka yenyewe. Nikalipokea. Nikanywa. Tena nikasema maneno yako yale yale, kwamba umeiva, mpelekeeni mzazi.

Wanawake wote wakanigeukia. Mtu mmoja akacheka, akasema msichana wa ng'ambo ana kiu kweli kweli. Bibi Liao hakucheka, alinitazama tumboni. Shangazi Gu akaninyang'anya bakuli, akasema watoto wa ng'ambo hawana adabu wala desturi, pisheni njia, mvinyo unapoa.

Tulirudi bwenini kwa miguu, mimi nimebeba kapu tupu. Hakunitazama. Akaniuliza tu, "Wa kike au wa kiume?"

Nikasema wa kike, miaka miwili na nusu. Tukatembea. Karibu na lango akauliza kama ndiye yule ninayeongea naye kwenye simu. Nikalihamishia kapu mkono wa pili.

"Simu iko mezani kwangu," akasema. "Mimi ni mzee, si kiziwi. Nimesikia kila Jumapili, nikajiambia si kazi yangu."

Kisha akaniambia kwamba hatakwenda kunisema, ila hatakaa na uongo wangu ndani ya bweni lake pia. Ofisi inafunguliwa Jumatatu saa mbili, tutakwenda wawili. Wakinifukuza atanisaidia kufunga mizigo. Wasiponifukuza nitakwenda kuosha lile bakuli. Ndiyo maana Jumapili sikuwapigia simu, Mama. Haikuwa shida ya laini ya simu. Sikuwa na sauti.

Jumatatu tukaingia kwa Bwana Rao, anayeshughulika na wanafunzi wa ng'ambo. Nilisema mwenyewe, nimesimama, sikumwachia Shangazi. Nilimwambia nina mume, nina mtoto, niliandika uongo, na nataka kubaki kwa sababu nashika nafasi ya tatu darasani. Alinikaripia sana juu ya ule uongo. Kisha akaniuliza nani aliniambia wenye watoto hawapokelewi. Nikasema ni mjomba wangu. Akafungua chupa yake ya chai, akauliza kama mjomba wangu ameajiriwa katika ofisi hii.

Mama, hakuna sheria hiyo. Haikuwahi kuwepo. Watoto hawaruhusiwi kulala bwenini, basi. Jana aliniita akaniambia wakubwa wake wamekubali nibaki, na ufadhili wangu uko pale pale. Karatasi ya onyo imewekwa kwenye faili langu, na nikapewa fomu mpya niijaze kwa mkono wangu, kwa Kichina. Nikaandika: mtoto mmoja, wa kike, Lay Fui Ling. Sikukosea hata mstari. Shangazi Gu alichungulia begani kwangu akasema herufi ya mwisho imekaa kama imelewa. Nimekwishaliosha bakuli. Noela naye alinirushia kandambili, akasema nimempotezea miezi mitatu ya kunitafutia mchumba, kisha akaitoa picha ya Aling kwenye foronya akaibandika ukutani, upande wake.

Kwa hiyo ule uongo haukuwa na kazi yoyote. Na aliyeulipia ni Aling peke yake. Sasa nakujibu swali lako.

Watoto wa jirani hawana kosa. Ni mimi niliyemfundisha.

Jumapili ya kwanza nilipopiga simu, Aling aliita "Mama!" kwa nguvu mpaka Noela akasikia nyuma yangu. Akauliza ni nani. Nikasema ni mdogo wangu, humwita kila mtu mama. Nikageukia ukuta, nikamwambia mtoto asiniite hivyo, aniite Dada, na akisema Dada nitamletea peremende za maziwa. Hakutaka. Alilia, na wewe ukachukua simu ukaniambia ana usingizi. Jumapili ya pili nikamwambia tena, akanyamaza. Jumapili ya tatu akasema. Na mimi nilimsifu, Mama. Nilimwambia msichana mzuri, msichana hodari. Nilimsifu mtoto wangu kwa kuniacha. Nikakata simu, nikaenda kuchukua maji ya moto kama kawaida.

Nilidhani ni neno la kwenye simu tu, na kwamba nikirudi nitalifuta. Sikujua kwamba atalipeleka mpaka kwenye picha. Nisamehe. Akhiung nimemwandikia barua yake, iko humu ndani. Mpe mwenyewe mkononi, usimsomee.

Sasa nakuomba hivi. Jumapili hii nitapiga saa kumi huku, kwenu saa tisa. Shangazi Gu amesema foleni yote itanisubiri, na asiyetaka akapige simu posta. Kabla ya simu, asubuhi, mpe Aling peremende zile. Mpe zote, hata kama zitaharibu chakula chake cha mchana. Usimwambie aseme chochote, wala mtu asimfundishe. Sitaki tena ajue kwamba neno lolote kati yangu na yeye linanunuliwa kwa peremende. Akiniita Dada, nitaitika. Nitaitika vizuri, kisha nitamwambia kwa sauti, wote wakisikia, kwamba ni mama yake anayeongea. Nitamwambia hivyo Jumapili hii na nyingine zote mpaka alichoke neno lile mwenyewe. Nina subira. Nimejifunza herufi mia sita kwa miezi mitatu, hili moja halitanishinda.

Leo mchana niliitwa kwenye ngazi. Shangazi Gu alikuwa chini na barua yako ya pili mkononi, na bweni zima lilisikia, "Mama Aling! Mama Aling, shuka, una barua!" Nilichelewa kushuka, Mama. Sikuwa nimezoea, nilikuwa namtafuta huyo anayeitwa.

Nisalimie Mjomba Aphin, usimgombeze, alitaka mema. Nisalimie majirani wote wa uchochoroni, na huyo mzee wa kuchua ukimwona, maana ninakuomba umwone. Goti usilimwagie maji baridi. Mbusu mwanangu kwenye utosi, pale panaponukia.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Bong Sui Jin
Mama Aling