Mama Yetu Doreen na Marehemu wa Televisheni

DOREEN THACKRAY, wa Barnsley, Uingereza

Mama, mwaka umezunguka tangu asubuhi ile ya Januari ulipotutoka, mti wa Krismasi ukiwa bado umesimama sebuleni kwa sababu ulikataa uondolewe kabla vipindi vya sikukuu havijaisha.

Mpaka leo watu wanatusimamisha madukani. "Mama yenu ndiye alikuwa ananiongezea pudini." Miaka yote ile ukipika jikoni shuleni ulijifanya kumkemea mtoto mwenye njaa, "Wewe, hebu rudi hapa," kumbe unamrudisha umjazie sahani tena. Ukishukuriwa, unakuwa mkali.

Lakini tusikupambe kupita kiasi. Kuangalia televisheni na wewe ilikuwa kazi. Wenzetu siku ya Krismasi wanaweka kichekesho cha zamani ili wacheke. Wewe ulikuwa unafuatilia misiba. Mwigizaji akitokea tu kwenye kioo, hajafungua hata mdomo, wewe tayari: "Marehemu huyo."

"Doreen, waache watoto wacheke," Baba anakuomba.

"Si wacheke, nimewakataza? Na huyo mwenye trei naye hayupo. Ini lilimmaliza."

Mmoja wetu akienda msalani, akirudi anakuta umenyoosha miguu kwenye kiti chake na chokoleti nzuri zote zimekwisha. "Asiyekuwepo na lake halipo, mwanangu."

Uliwazika hata walio hai. Kuna mwaka uliwaliza wanawake wote wa mchezo wa bingo kwa kifo cha yule mchekeshaji mwenye miwani, wakasimama kimya kwa heshima yake. Mkesha wa Mwaka Mpya huyo hapo, kipindi cha moja kwa moja, anaimba.

"Mama," Keith akasema, "marehemu wako anakata kiuno."

Hukupepesa jicho. "Ngojeni," ukasema, "bado kidogo tu."

Ulipoondoka, Baba aliizima televisheni. Tukwambie ukweli, tuliogopa. Mwaka mzima amekula jikoni kwa kusimama, na redio yake, na sebuleni akipita anapita mbio kama mtu anayekimbilia basi. Amekonda. Janine alimletea televisheni ndogo ya jikoni, akairudisha. "Niiangalie na nani?"

Tukasema Krismasi hii tuje wote, liwalo na liwe. Bata mzinga tukala, vyombo tukaosha, hotuba ya mfalme ya Krismasi tukaisikiliza bila Baba. Alikuwa jikoni anasugua sufuria ambayo Keith alishaisugua. Kikaanza kichekesho chako kile. Tukakaa kama watu waliokwenda kumwona mgonjwa, hakuna aliyethubutu kusema nani ni marehemu.

Halafu sauti ikatoka mlangoni. "Huyo marehemu." Ni Baba, kitambaa cha vyombo mkononi. "Na mkewe pia. Mke wa humo kwenye kipindi, si wa nyumbani."

"Baba, huyo mama yuko hai," Janine akasema. "Juzi tu nimemwona anahojiwa."

"Mama yako alisema amekufa. Wewe unataka kubishana na mama yako?"

Akamsukuma Keith, akaketi. Akabisha mpaka mwisho, akacheka palepale ulipozoea kucheka wewe, kisha akalia, akajifuta kwa kitambaa kile kile. Sisi tukajifanya tunaangalia. Majina ya waigizaji yalipoanza kupita mwishoni, tulijua atainuka arudi jikoni.

"Kesho wanaonyesha nini?" akauliza.

Keith akachukua gazeti la vipindi akamsomea, cha asubuhi, cha mchana, cha jioni, mpaka Mwaka Mpya. Baba akasema ataviangalia vyote.

Unakumbukwa na mumeo Wilf; watoto wako Keith, Janine na mimi Glenda ninayeandika; wajukuu Callum na Tamsin; dada yako Beryl; na majirani wote wa mtaa. Tunakupenda, Mama. Kukusahau hatuwezi, leo wala milele.