Matawi Yaliyoachwa Barabarani

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Bibi yako hajambo, kikohozi kimemwacha na sasa anagombana na mbuzi wa jirani.

Unauliza kama ni lazima upunguze mwendo kila ukikuta matawi barabarani, maana mara mbili umepunguza na hukuona gari bovu. Umeniamshia hasira ya zamani!

Enzi za Ujamaa, leseni yangu ikiwa bado mpya, niliendesha lori la kijiji kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Nikakuta matawi, nikapunguza, hakuna kitu. Mbele tena matawi, hakuna kitu. Mara ya tatu nilinung'unika, lakini nikapunguza. Kwenye kona palikuwa na lori la miwa, miguu ya fundi imetokeza chini yake.

Tukasaidiana mpaka likawaka. Dereva na fundi wakapanda waondoke! Nikafoka, "Na matawi yenu je?"

Dereva akacheka. "Yataliwa na tembo."

Watu waliookolewa na matawi hayo hayo! Niliyaondoa mwenyewe, nikifoka peke yangu.

Punguza mwendo kila mara, Rehema. Na siku gari lako likiharibika ukaweka matawi, likipona yaondoe. Ukiyaacha, unamfundisha dereva anayekuja kuyapuuza, na kumkanyaga fundi wa kesho.

Babu yako, Ruhembe