Asifiwe, Kuhusu Option Yako

Mjukuu wangu Asifiwe,

Salamu kutoka Bagira. Tuko wazima, na tangu bunduki zinyamaze shule imefunguliwa tena. Nilicheka kuona umeniita Koko, maana nakuzidi miaka minne tu. Lakini babu yako na mimi tuna baba mmoja, basi nakujibu kama bibi.

Unauliza uchague option gani, yaani mchepuo gani wa masomo ya sekondari. Mimi nilichagua biokimia ili niwe muuguzi. Kwenye staji, yale mazoezi ya kazi, kituo cha afya kilinipa kazi ya kuita wagonjwa. Sauti ikakataa kutoka.

“Mademoiselle, uko unaita bantu ama uko unasali?” mama mmoja aliuliza, wote wakacheka.

Nilimwendea muuguzi mkuu, Papa Déo, nikamwambia naacha biokimia. Hakunigombeza. Alinikalisha maabara, mbele ya darubini.

“Hapa damu hatuiiti kwa jina,” akasema. “Angalia tu.”

Niliangalia mpaka nikasahau kula. Sasa najua nitasomea nini chuoni, na kila Jumapili namshukuru Mungu kwa ajili ya mzee yule.

Option usiandike bado. Nimemwomba akupokee wiki moja likizoni, naye amekubali.

Koko wako,
Furaha